Mgeni wa Siku ya Tatu: Mafunzo ya Mtumishi wa Maendeleo Vijijini

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maneno hayo aghalabu hutajwa kwa kicheko, mgeni anapokawia kuondoka. Lakini yafaa yafikiriwe tena na kila mtu ambaye kazi yake ni kupelekwa kijijini kuwasaidia wenyeji katika maendeleo yao, maana huyo naye ni mgeni. Siku ya kwanza hupewa kiti. Siku ya pili hupewa chai na habari. Siku ya tatu wenyeji hutaka kujua kama mikono yake inajua kushika jembe, na kama atalishika pamoja nao au atasimama kando akionyesha kwa kidole.

Mazungumzo haya ni juu ya mafunzo ya mtumishi huyo, yaani mtumishi wa maendeleo ya jamii. Mafunzo yake hayapimwi kwa cheti anachorudi nacho. Hupimwa kwa jibu ambalo mwenendo wake utatoa kwa swali moja la wazee. Kijana ashukapo katika basi na sanduku lake, wazee walioketi chini ya mti humtazama, kisha huulizana, "Huyu ametumwa na nani, naye anataka nini kwetu?" Si swali la chuki. Tangu zamani wamekwisha kuletewa watu wengi: wa kudai kodi, wa kuhesabu ng'ombe, wa kuamuru watu watoke wakafanye kazi ambayo hawakuulizwa habari zake. Si ajabu wakidhani kwamba na huyu ni mmoja wao. Ikiwa mafunzo hayakumtayarisha kwa swali hilo, basi maarifa yake yote yatabaki sandukuni.

MWALIMU WA VIRGINIA

Mpango uliofika Kenya zamani wa kumfundisha mtu awe msaidizi wa vijiji vingi, wala si mwalimu wa darasa moja tu, asili yake ilikuwa Marekani, katika jimbo la Virginia. Huko alikuwako mwalimu mwanamke, jina lake Virginia Randolph, ambaye wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Tangu mwaka 1892 alifundisha katika shule ndogo ya watu weusi wilayani Henrico. Shule ilikuwa maskini na uwanja wake ulikuwa matope. Mwalimu huyo hakungoja mtu wa kumletea msaada. Alipaka kuta chokaa, akatandaza kokoto uwanjani, akapanda maua na miti, na pamoja na kusoma na kuandika akawafundisha watoto kushona, kupika na kulima bustani. Wazazi wengine hawakupendezwa mwanzoni, kwa kuwa walidhani watoto wao walipelekwa shuleni kwa ajili ya vitabu tu. Naye akawaendea nyumbani kwao, akazungumza nao, hata wakaelewana.

Mwaka 1907 Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi wa mashambani. Kwa fedha hizo, mwaka 1908 Virginia Randolph aliwekwa kuwa mwalimu wa kwanza wa kuzizungukia shule. Alipewa shule 23. Kazi yake ilikuwa kwenda kutoka shule hata shule, kuwasaidia waalimu wenzake na kuwakutanisha na wazazi. Walimu wengi waliomfuata katika kazi hiyo waliitwa walimu wa Jeanes, na jina hilo ndilo lililovuka bahari likafika Afrika.

CHUO CHA KABETE

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizitembelea nchi za Afrika ya Mashariki ili kuchunguza elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dokta James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana. Tume ilipendekeza mpango wa walimu wa Jeanes, na mwaka 1925 Chuo cha Jeanes kikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo. Mwaka 1929 chuo cha namna hiyo kilifunguliwa pia Domasi, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Liko jambo moja katika desturi za Kabete ambalo lastahili kukumbukwa hata leo. Mwalimu aliyechaguliwa hakuenda peke yake: alikwenda na mkewe na watoto wao. Kila jamaa walipewa nyumba na kipande cha bustani. Mume alijifunza kusimamia shule ndogo, ukulima, ufugaji wa kuku, useremala na usafi. Mke naye alijifunza malezi ya watoto wachanga, ushonaji, upishi na uangalizi wa wagonjwa. Sababu yake ilikuwa wazi. Mtu akiwaambia wenzake wachimbe choo, naye kwake hana choo, watacheka mara tu atakapowapa kisogo. Akiwaambia wachemshe maji ya kunywa, jirani watamwuliza mkewe kama kwao maji huchemshwa. Kijijini hakuna siri ya aina hiyo, na kwa hiyo somo la kwanza la mtumishi lilikuwa nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo si haki kukisifu chuo hicho bila kutaja malalamiko ya watu wa siku zile. Waafrika wengi waliuliza kwa nini mtoto wao afundishwe bustani na kuku, hali watoto wa Wazungu walifundishwa elimu ya kuwapeleka katika ofisi na mahakama. Waliona kwamba elimu ya mashambani yaweza kuwa ukuta wa kuwazuia wasipande juu. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe zisizokuwa chini ya misheni, wakitaka, pamoja na mambo mengine, watoto wao wapate elimu iliyo kamili. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, nayo yana fundisho kwa mkufunzi wa leo: kabla ya kupanga jambo la kumfundisha mwanakijiji, sharti kwanza ijulikane yeye mwenyewe anataka kufika wapi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilikitumia chuo cha Kabete kuwafundishia waalimu wa askari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi wa askari waliorudi walikuwa wameona nchi nyingine, na wengine walikuwa wamejifunza kusoma, kuendesha magari na kutengeneza mitambo. Baadaye chuo kikageuka kuwa mahali pa kuwafundishia watumishi wa maendeleo ya jamii, wanaume kwa wanawake. Lakini walipotoka hapo kwenda vijijini, waliingia katika nchi iliyokuwa na uchungu mwingi.

MATUTA YA NAMNA MOJA, NJIA MBILI

Ili uchungu huo ueleweke, na itazamwe habari ya matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tuta ni jambo jema. Mvua ikinyesha juu ya mteremko usio na kinga, huchukua udongo wenye rutuba ukaishia mtoni. Mkulima akichimba mtaro kuufuata usawa wa mteremko, akatupa udongo upande wa juu, akapanda majani juu ya ukingo ule, maji hukawia na kunywewa na ardhi, na baada ya miaka michache shamba huwa kama ngazi. Wakulima huita kazi hiyo "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali.

Lakini jambo jema laweza kuharibiwa na njia ya kulileta. Baada ya vita, katika wilaya ya Murang'a, ambayo siku zile iliitwa Fort Hall, watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa siku maalum za kila juma, chini ya uangalizi wa machifu. Wengi wa waliochimba walikuwa wanawake, ambao walikuwa na watoto, kuni, maji na mashamba yao ya kuangalia. Mwaka 1947 kazi hiyo ilikataliwa, ikasimama. Mwaka 1948 wanawake wenyewe waliandamana kuipinga. Haikuwa kwamba hawakujua faida ya udongo. Mtu alimaye kila siku anaujua udongo kuliko afisa yeyote. Walichokataa ni kuswagwa.

Huko Machakos nako watu walikuwa na sababu ya kuwaogopa wageni waletao mashauri ya ardhi. Mwaka 1938 Serikali ilitwaa ng'ombe wa Wakamba ikisema kwamba wamezidi malisho. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Mwisho wake shauri la kutwaa ng'ombe liliachwa, ingawa Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa Lamu. Mtumishi wa maendeleo aliyefika Machakos miaka michache baadaye alikuta habari hizo bado ziko vinywani mwa watu.

Basi ilikuwaje hata katika miaka ya 1950 matuta yakaenea upesi Machakos? Sababu zilikuwa nyingi, na haisemwi kwamba shuruti ilitoweka kabisa. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa mwethya. Mwethya ni desturi ya Wakamba ya jirani kusaidiana kazi: leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba huwatayarishia wenzake chakula. Watumishi wa maendeleo ya jamii waliachiana na makundi ya kupangwa kwa amri, wakayatia nguvu makundi ya mwethya. Watu wakachagua viongozi wao wenyewe na kuamua shamba la nani litangulie. Jembe lilikuwa lile lile na mtaro ulikuwa ule ule, lakini sasa mchimbaji alijua kwamba zamu yake itafika, na aliyempa zamu hiyo ni jirani yake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 matuta mengi yaliachwa kwa muda, kwa kuwa yalikumbusha utawala wa zamani. Baadaye watu wenyewe waliyarudia, hasa makundi ya wanawake. Mwaka 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos. Walionyesha kwamba watu wa huko waliongezeka kutoka kiasi cha 240,000 mwaka 1932 hata kiasi cha 1,400,000 mwaka 1989, na juu ya hayo ardhi ilikuwa inatunzwa vizuri kuliko zamani. Soko la mazao, njia, elimu na fedha walizoleta waliofanya kazi mijini vilisaidia. Lakini bila watu kuyakubali matuta kuwa mali yao, hakuna afisa ambaye angeweza kuyatunza.

Sharti itajwe pia habari nyingine yenye uchungu zaidi. Katika siku za Hali ya Hatari, tangu mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vipya zaidi ya 800, vyenye walinzi na saa za kutotoka nje. Watumishi wa maendeleo walipelekwa humo kufundisha usafi na malezi, na kugawa maziwa kwa watoto. Mtoto aliyekunywa maziwa hayo alifaidika. Lakini mama yake aliyaona yakitoka katika mkono ule ule uliomfungia lango. Hapo ndipo lionekanapo tatizo kubwa la kazi hii: mtumishi aweza kuwa mwema na stadi, na bado asiaminiwe, kwa sababu ya yule aliyemtuma na namna alivyotumwa. Mafunzo yasiyomfahamisha kijana jambo hilo humpeleka kijijini akiwa kipofu.

MFANO WA CHEMCHEMI

Baada ya hayo msikilizaji aweza kuuliza, mtumishi afundishwe nini basi? Ni afadhali kujibu kwa mfano. Na ifikiriwe habari ya kijiji kimoja chenye chemchemi, ambako watoto huugua tumbo mara kwa mara, na ya vijana wawili waliopelekwa huko, mmoja baada ya mwingine.

Kijana wa kwanza alifika na karatasi zake. Siku ya tatu aliitisha baraza, akaeleza kwa maneno mazuri kwamba maji yao ni machafu, akataja wadudu wa maradhi kwa majina yao, akasema kila nyumba itoe mchango. Mahali pa kujenga palichaguliwa karibu na barabara, ili wageni wapaone. Ukuta ukajengwa, bomba likatiwa, picha ikapigwa. Kiangazi kilipokuja, bomba likakauka. Mwaka wa pili ukuta ulikuwa mahali pa mbuzi kuota jua, na wanawake walikuwa wamerudi wachotapo siku zote.

Kijana wa pili hakuitisha baraza juma lile la kwanza. Alikwenda kwa chifu na wazee kwa adabu, akaomba ruhusa ya kutembea. Alfajiri alifuatana na wachotaji maji, akahesabu ni wangapi na hungoja kwa muda gani. Akatazama ng'ombe hunywea wapi, na vyoo viko upande gani wa mteremko. Siku moja bibi mzee aliyekuwa akijaza mtungi alimwambia, "Mwanangu, pale walipojenga pana maji wakati wa mvua tu. Kiangazi maji huhamia huku, chini ya mkuyu."

Kijana akauliza, "Mama, ni nani wengine wayajuao haya?"

"Wote wachotao maji wanayajua," akasema bibi. "Wasiochota ndio walioketi barazani."

Kijana yule alikuwa amepata somo ambalo halikuwamo katika daftari lake. Hakwenda kulitangaza ili kuwaaibisha wazee. Aliomba ruhusa kwao ya kukutana na wanawake peke yao. Kisha akamwomba mzee mmoja, aliyekuwa na mke mwenye busara, alilete shauri la mkuyu barazani kama shauri la nyumba yake. Baraza lilikaa mara tatu. Hapo tu ndipo kazi ilipoanza.

Na kazi yenyewe aliijua. Walichimba hata wakalifikia jicho la maji, wakapanga mawe na changarawe safi kulizunguka, wakajenga ukuta wa mawe na saruji wenye bomba, wakafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Upande wa juu wakachimba mtaro wa kuyageuza maji ya mvua yasiingie. Wakatia ua kuzuia mifugo, na chini yake wakatengeneza birika la ng'ombe, ili wachungaji wasiwe na sababu ya kuubomoa ua. Vijana wawili wa kijijini walisimama kando ya fundi tangu siku ya kwanza, kwa maana ndio watakaoitengeneza chemchemi siku itakapoharibika.

Fedha za mchango ziliandikwa katika kitabu, na kila aliyetoa akapewa hati ya kupokelewa. Mweka hazina hakuweza kutoa hata senti moja bila wenzake wawili kutia sahihi. Kila mwisho wa mwezi hesabu ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha ya kijijini. Mtumishi mwenyewe hakushika fedha hata kidogo.

Mfano huo una ndani yake karibu mafunzo yote yanayotakiwa. La kwanza ni kutazama na kusikiliza kabla ya kusema. La pili ni kazi ya mikono ambayo mtumishi aijua barabara. La tatu ni namna ya kuendesha baraza, mnyonge naye asikiwe bila mkubwa kuvunjiwa heshima. La nne ni hesabu za fedha zilizo wazi. La tano, lililo gumu kupita yote, ni kuitengeneza kazi tangu mwanzo kwa namna ambayo haitamhitaji yeye.

Mambo hayo hayajifunzwi kwa kusomewa darasani tu. Mwanafunzi wa uganga hupelekwa hospitali, na mwanafunzi wa useremala hupewa mbao. Kadhalika mwanafunzi wa maendeleo ya jamii yafaa akae kijijini miezi kadhaa, alale huko, ale wanachokula wenyeji, kisha arudi chuoni aeleze alikosea wapi. Tena yampasa azoee kuyasema masomo yake kwa lugha ya watu atakaowatumikia. Wengi hufundishwa kwa Kiingereza, na wafikapo vijijini huona kwamba jambo walilolijibu vizuri katika mtihani hawawezi kumweleza mama mwenye mtoto mgongoni.

SAUTI YA WANAWAKE

Bibi wa mtungi hakuwa peke yake. Katika vijiji vingi wachotaji maji, walimaji na waleaji ni wanawake, na kwa miaka mingi waliofundishwa kazi za maendeleo walikuwa wanaume. Kabete waliliona jambo hilo mapema walipowakaribisha wake wa waalimu. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya maendeleo ya jamii, na viongozi wa vikundi vyake wakafundishwa Kabete. Mwanzoni kilisimamiwa na wanawake wa Kizungu, na katika Hali ya Hatari Serikali ilikitumia kwa makusudi yake yenyewe, hata wengine wakakishuku. Lakini wanawake waliojifunza humo kusimama mbele ya watu, kuandika habari za mkutano na kutunza fedha za kikundi hawakuusahau ujuzi huo. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa rais wa kwanza Mwafrika wa chama hicho, na baadaye aliingia Bungeni. Ujuzi uliotolewa kwa nia ya mwenye kuutoa waweza kutumiwa kwa nia ya mwenye kuupokea. Na hilo ni jambo la kushukuru.

MTUMISHI NAYE AANGALIWE

Kosa moja la zamani lingali likionekana. Kijana hufundishwa, hupelekwa, kisha huachwa. Hakuna amwendeaye, wala hakuna aitwaye chuoni tena kuzidisha maarifa, ila karatasi za kujaza humfikia bila kukosa. Mwisho hujua kwamba anayehitaji kuridhishwa ni msoma karatasi, wala si mwanakijiji; akaanza kuhesabu mabaraza badala ya kuhesabu watoto wasiougua. Na mara anapoanza kuaminiwa, huhamishwa. Virginia Randolph aliwazungukia waalimu wa shule 23 kwa sababu alijua kwamba mwalimu aliye peke yake huchoka. Mafunzo yasiishe siku ya kupewa cheti; yamfuate mtumishi mpaka alipo.

Jambo hilo lina uzito hasa wakati huu. Chuo cha Kabete kiligeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha utawala, na sasa ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Lakini kazi iliyoanza pale haikwisha. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwapa mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akipewa nyumba kiasi cha mia za kuzitembelea. Wahudumu hao hutoka vijijini wanamohudumu. Wengi wao ni wanawake, na hawahitaji kuelezwa chemchemi hukauka lini. Hivyo swali la wazee limepungua ukali, kwa kuwa aliyetumwa ni binti wa jirani. Hata hivyo halikwisha, maana jirani wataangalia kama mkoba una dawa au ni mtupu, kama siri za wagonjwa zinatunzwa, na kama anayeyaandika matatizo yao ana mtu wa kumsikiliza huko juu.

Basi kila mmoja na atimize lililo lake. Mkufunzi na amfundishe kijana kuuliza kabla ya kumfundisha kujibu. Mkubwa wa kazi na amtembelee, amlipe kwa wakati, asimhamishe kabla mti alioupanda haujashika mizizi. Wazee nao wasimfiche mgeni yale wanayoyajua, kisha wakamlaumu kwa kutojua. Na kijana mwenyewe, siku ya tatu, asingoje kuletewa jembe; na alitafute pale lilipoegemezwa, aulize shamba la nani lina zamu, aende.

Siku moja atahamishwa, kama watumishi wote. Atapanda basi na sanduku lile lile. Ikiwa alifundishwa vema, asubuhi ya pili wanawake watakwenda chemchemini kama kawaida, mwenye zamu atafagia mtaro, na mweka hazina atafungua kitabu cha hesabu. Huenda jina lake lisitajwe siku hiyo, wala hilo lisimsikitishe. Jembe litakuwa mikononi mwa wenyewe.